Injini Inayozunguka Kinyume

Jumatatu, 3 Machi

Nimerithishwa. Si mali — kazi!

Kaka ameitisha kikao. Huyu kaka yangu tunamwita Mwenyekiti tangu akiwa darasa la tatu, kwa sababu hawezi kuona watu wawili wamekaa bila kuwafungulia mkutano. Wajumbe tulikuwa watatu: yeye, mimi, Mama. Agenda moja: macho ya Mama. Daktari kasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na apasuliwe mapema. (Mama: "Nimezaa wawili wakanisumbua, sasa hawa wengine wamekuja bila hata kualikwa.")

Hali yenyewe si ya utani sana. Jana Mama alisalimia koti langu lililokuwa limening'inia mlangoni. Akalijulia hali. Koti likanyamaza. Akasema, angalau leo umejibu kwa upole.

Fedha za kumpasua zitoke wapi? Mwenyekiti ana jibu: makopo ya Baba. Makopo matano ya biskuti juu ya kabati, ndani yake injini arobaini na moja za ndege za mfano. Zile ndege ndogo za mbao na karatasi, injini yake inaingia kwenye kiganja. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa ndege hizo miaka thelathini. Alifariki mwaka juzi, na makopo hakuna aliyeyagusa. Mwenyekiti kasoma mahali kwamba kuna watu wazima, wenye akili zao, wananunua injini kama hizo kwa bei ya pikipiki.

Na nani azitambue, azitenge, azipe bei? Mimi. Kwa nini mimi?

"Una vifaa," akasema.

Natengeneza meno ya bandia! Haya, ni kweli nina lenzi ya kuvaa jichoni, nina brashi ndogo, nina vibano. Lakini kwa mantiki hiyo mshona viatu ndiye apasue moyo, kwa kuwa ana sindano.

Mama alisema neno moja tu: "Msiziuze kwa kilo." Akainuka kwenda kupika chai, akipapasa ukuta.


Jumatano, 5 Machi

Nimefungua makopo mezani kwangu, baada ya kazi. Harufu! Mafuta ya nyonyo yaliyozeeka, etha inayochoma macho, na soksi. Kumbe Baba alizifunga kwa soksi zake. Kila injini imevaa soksi, kama watoto wachanga wa hospitali moja. Soksi hizo ndizo Mama alizokuwa akizitafuta kwa miaka yote, akimlaumu jirani.

Nimeanza na moja yenye ukoko mweusi, imeganda kama tofi iliyosahaulika mfukoni. Nikaichukua ile dawa yetu ya kung'arishia meno, nikaiweka kwenye mashine ya kusugua. Dakika kumi. Ikatoka inang'aa kama jino la mbele la mwanasiasa. Nikaiweka dirishani niitazame. Nikajiona fundi.

Nimezing'arisha tatu. Kesho anakuja mzee mmoja aliyekuwa katibu wa klabu yao ya ndege, aje kunisaidia kuzitambua. Atafurahi.


Alhamisi, 6 Machi

Hakufurahi.

Katibu — nitamwita hivyo, hata leo anatembea na daftari la klabu kwapani ingawa klabu imekufa zamani — aliingia, akaziona zile tatu dirishani, akakaa chini bila kukaribishwa. Nikadhani ni moyo. Nikamletea maji.

"Mwanangu," akasema, "umewachuna ngozi."

Ndipo nikafundishwa somo la kwanza, kwa sauti ya mtu anayesoma wasifu wa marehemu. Injini ya zamani haing'arishwi. Rangi yake ya uzee ndiyo cheti chake cha kuzaliwa. Mnunuzi anataka aone kwamba haikuguswa. Ukiisugua, hajui tena kama ulikuwa unaficha ufa, au kipande cha kubandika, au ujinga wako tu. Na usiizungushe kavu! Mafuta yameganda ndani, ukilazimisha unaikwaruza pistoni. Ipashe joto taratibu, iloweke, isubiri.

Zile tatu, thamani yake imeshuka kwa nusu. Kwa dakika kumi kumi!

Nimemuuliza kama Mwenyekiti lazima ajue. Akafikiri. Akasema kwenye kumbukumbu za vikao si lazima kuandika kila kitu.

Nimeanza kumpenda.


Jumamosi, 8 Machi

Siku nzima na Katibu mezani. Sasa najua mambo ambayo wiki iliyopita ningeyacheka.

Kwanza, kujua aina. Yenye plagi kichwani na kifaa cha kuwashia cheche: hizo ndizo mabibi, za zamani kabisa. Yenye plagi ndogo ya waya unaowaka: za katikati. Isiyo na plagi kabisa, ila kijiti cha kukaza juu ya kichwa: za dizeli, zinawaka kwa kubanwa tu. Halafu unatafuta namba, kwa kawaida kwenye masikio ya kufungia. Halafu unatazama vichwa vya skrubu kwa lenzi. Skrubu iliyotafunwa maana yake kuna mtu aliingia humo na bisibisi mbaya na roho mbaya zaidi. Kisha unauliza: je, sindano ya mafuta ni yake mwenyewe au ya kuazima? Kichwa ni chake? Hapo nikawa kwenye fani yangu. Nimeshaona midomo mingi yenye meno ya watu watatu.

Boksi lake la asili likiwepo, bei inapanda. Karatasi yake ya maelekezo ikiwepo, inapanda tena. Yaani kama bwana harusi: sura ni ya kawaida, lakini ana vyeti.

Kwa kipimo hicho, Baba hakuwa tajiri. Katika arobaini, nyingi ni zile zilizotengenezwa kwa maelfu. Tano nzuri. Mbili nzuri sana (mojawapo niliichuna ngozi — tuendelee). Zote kwa pamoja zingemfungulia Mama kope, si jicho.

Imebaki ya arobaini na moja. Ilikuwa chini kabisa ya kopo la tano, ndani ya soksi mbili. Ndogo, nyeusi, mbaya ya sura. Haina jina la kiwanda. Haina alama ya kumiminwa kwenye kalibu kama zile nyingine: imechongwa nzima kutoka kwenye kipande kimoja cha chuma, mapezi yake ya kupoza joto ni membamba kama kurasa, na nafasi kati ya pezi na pezi ni sawa kabisa. Nimepima. Mimi hupima kwa kazi yangu, na sijawahi kukata kitu sawa namna ile. Kwenye sikio imegongwa namba moja tu: 3.

Katibu aliishika. Akaomba lenzi. Akaichungulia kwenye tundu la kuvutia hewa, akaizungusha kidogo, polepole, kwa sababu hii pekee haikuganda.

"Tazama dirisha la shafti," akasema. "Limekatwa upande usio wake."

Kwa kifupi: injini zote za dunia hii ya wendawazimu zinazunguka upande mmoja. Hii inazunguka kinyume. Na kuna nyingine kama hii, tatu, zimetapakaa nje huko kwa wakusanyaji, namba 1, 4 na 6, na hakuna anayejua nani alizitengeneza. Wanaiita Kinyume.

"Kila siku Baba yako alikuwa anasema anajua zilikotoka," Katibu akasema. "Anatabasamu tu."


Jumapili, 9 Machi

Nimempigia Mwenyekiti picha ya ile namba 3. Amemtumia mnunuzi mmoja aliyempata mtandaoni. Jibu limerudi kabla chai haijapoa: nakuja Jumanne, msimwonyeshe mtu.

Mwenyekiti anatembea sebuleni mikono nyuma. Ameshampangia Mama kitanda hospitali, Alhamisi ya tarehe ishirini. Nimemwambia kuku hahesabiwi akiwa yai. Kasema mimi ndiye napunguza ari ya wajumbe.


Jumanne, 11 Machi

Mnunuzi amekuja. Glavu! Ndilo jina nililompa, maana kabla hata ya kusalimia vizuri alivaa glavu nyeupe. Alinipa mkono akiwa nazo. Nikajihisi nina kutu.

Fundi wa kununua ni fundi wa kudharau. Akazipanga zote mezani, akazisifu zile nilizozing'arisha — zile mbovu! — akasema ah, hizi zimetunzwa. Hapo hapo nikajua tunacheza karata. Akazungukazunguka, akaja kwenye namba 3 kama mtu anayekumbuka mwavuli wake.

"Na hiki kichuma? Hakina jina. Naweza kukichukua kama vipuri, nikawapunguzia mzigo."

Mwenyekiti alishafungua mdomo wa kukubali. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Nikamwambia Glavu, hiki kichuma kina ndugu zake watatu, namba 1, 4 na 6, nao hawajawahi kuitwa vipuri.

Glavu akavua glavu.

Kuanzia hapo tuliongea kama watu. Bei aliyotaja sikuiamini, nikamwomba arudie nijifanye naifikiria. Macho yote mawili ya Mama, hospitali nzuri, na chenji ya kumnunulia miwani ya kujidai. Kwa injini moja mbaya ya sura!

Ila ana sharti. Injini isiyo na baba haina bei. (Maneno yake.) Anataka karatasi iliyosainiwa na watoto: kwamba namba 3 ilibuniwa na kutengenezwa na marehemu baba yetu. Katika jarida la zamani la klabu kuna picha ya Baba na kikombe cha ushindi, na maelezo kwamba aliruka na injini ya kujitengenezea. Picha na saini, basi, fumbo limekwisha, na yeye Glavu ndiye aliyelifumbua.

"Kwa nini aliizungusha kinyume?" Mwenyekiti akauliza, kwa unyenyekevu wa mtoto wa shujaa.

Glavu akatazama dari. Kasema kuna watu ambao akili zao zinakataa njia ya wengi. Kasema huo ni uasi wa kimya wa mtu mwenye kipaji.

Jikoni kitu kilianguka. Kifuniko cha sufuria. Halafu tukamsikia Mama anacheka — si kidogo, cheko la kushika meza.

Glavu alipoondoka nikamfuata. Alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Uasi," akasema. "Mimi ni wa kushoto tu, jamani. Injini unaiwasha kwa kulipiga pangaboi kidole. Kwa mkono wa kulia unapiga upande huu. Kwa wa kushoto, ni rahisi zaidi kupiga upande ule. Ningeitengeneza ya kumwashia nani?"

Mwenyekiti alikuwa mlangoni. Alisema, Mama umechoka, kapumzike.


Ijumaa, 14 Machi

Siku tatu sijaandika. Siku tatu nimeona aibu, na aibu haina kalamu.

Leo nimeomba ruhusa kazini, nikaenda kwa Mama asubuhi, peke yangu. Nikamwekea namba 3 kiganjani bila kumwambia ni nini. Haoni kitu cha ukubwa ule, wingu tupu. Kidole gumba kikapita kwenye mapezi. Kikahesabu. Kikasimama kwenye pezi la nne.

"Hapa kisu kiliruka," akasema. "Msimamizi alipita, nikashtuka. Ilibidi niipunguze yote kwa unywele mmoja ifanane."

Nimevaa lenzi nikatazama. Pezi la nne, kwa ndani, kuna mkwaruzo. Nimeikagua injini hiyo wiki nzima kwa lenzi ya kazi. Sikuuona.

Basi nikauliza. Kwa mara ya kwanza! Mwanamke huyu amenizaa, amenifundisha kushika kijiko, na nina miaka arobaini na minne. Tulijua Mama "alikuwa kiwandani" kabla hatujaanza shule. Kiwanda cha pampu za maji. Mimi na Kaka tangu utotoni tuliamini alikuwa anawapikia. Hakuna aliyetuambia hivyo. Tuliona mwanamke, tukaona kiwanda, tukatafuta jiko.

Alikuwa kwenye mashine ya kukereza vyuma. Miaka kumi na mmoja. Aliingia kufagia, akamwona mkerezaji mmoja mlevi anaharibu kazi, akamwambia unaharibu. Akaambiwa haya, fanya wewe. Akafanya.

"Na injini?"

"Baba yako alinunua moja ya nje, kwa mshahara wote. Ikavunjika siku ya pili. Akalia. Mwanaume mzima, analilia kitu cha ukubwa wa ndimu! Nikaona kelele hizi sitaziweza. Nikaifungua, nikaitazama. Si kitu kigumu. Ni pampu yenye hasira."

Pampu yenye hasira! Nitaiandika ukutani kwangu.

Alitengeneza sita, saa za chakula cha mchana, kwa vipande vya chuma vilivyobaki. Namba 2 ilipasuka. Namba 5 iko kwenye ziwa fulani, na ndege yake. Nyingine Baba aliwauzia wageni waliokuwa wakirudi kwao.

"Akasema amezitengeneza yeye."

"Nilimwambia aseme hivyo. Nani angenunua injini ya mama wa nyumba? Na kiwandani wangenifukuza kwa chuma chao." Akaizungusha injini kiganjani. "Mwanzo aliona haya. Baadaye alizoea. Mwisho nadhani alisahau kabisa. Siku ya kikombe alinishukuru kwa uvumilivu."

Nilimuuliza kama ilimuuma. Akasema uvumilivu! Akacheka. Lakini hakunirudishia injini. Alikaa nayo mpaka nimeondoka.


Jumamosi, 15 Machi

Mambo mengi. Niandike haraka kabla kidole changu hakijavimba zaidi.

Nilimwita Katibu, nikamweleza yote. Aliinamisha kichwa. Akafungua daftari lake la klabu, akatafuta ukurasa wa siku ya kikombe, mwandiko wake mwenyewe: *injini ya kujitengenezea, imetengenezwa na mwanachama wetu.* Akasema kuna jambo lilimsumbua miaka yote. Baba hakuwahi kuiwasha injini ile mbele ya watu. Watu wakimwomba alisema leo haijisikii vizuri. Halafu mkewe anakwenda kushika ndege, "amsaidie," ameinama mgongo kwa watu — na hapo hapo inawaka.

"Nilikuwa nimesimama hatua tano," Katibu akasema. "Nikaandika nilichokitarajia."

Kaka alimleta Mama kwangu saa nne, amekunja uso, na karatasi ya Glavu kwenye bahasha. Mama akasema haya, tutoke nyuma. Katibu alikuja na etha, na mafuta, na pangaboi la mbao lililochongwa kwa ajili ya kuzunguka kinyume, alilolitunza bila kujua linatoka wapi. Tuliifunga namba 3 kwenye benchi langu la kazi, tukalitoa uani.

Kwanza nilijaribu mimi, mkono wa kulia. Paa! Pangaboi lilirudi likanipiga kidole. Akajaribu Katibu. Paa! Akajaribu Mwenyekiti, kwa heshima ya cheo. Paa! na tusi ambalo sijalisikia tangu tukiwa shule. Mama amekaa kwenye kiti anatusikiliza, kama mwalimu wa muziki.

"Mkimaliza kupigwa mniambie."

Akasogea. Akapapasa sindano ya mafuta, akaifungua mizunguko miwili na robo. Akakaza kijiti cha juu, akalegeza kidogo. Mkono wa kushoto. Kidole kimoja. Tap. Tap — 

Sijui niiandikeje ile sauti. Ni mlio mkubwa kuliko kitu chenyewe, kama nyigu aliyepewa kipaza sauti. Mbwa wa jirani alipotea. Nguo kwenye kamba zikapeperuka. Mama akawa anaukaza ule mlio kwa vidole viwili, anaupandisha, anaupandisha, mpaka ukawa uzi mmoja mwembamba usiotetemeka, na uso wake, macho meupe yale, ulikuwa wa mtu nisiyemjua. Msichana fulani. Fundi fulani.

Mafuta yakaisha. Kimya. Mwenyekiti alikuwa anafuta uso kwa shati lake. Etha, akasema.

Nikamwambia: sasa? Umeona?

"Nimeona," akasema. Akampigia Glavu simu mbele yetu, sauti wazi, akamweleza kila kitu. Nampa haki yake. Hakuficha kitu.

Glavu kwanza alilalamika tumeiwasha. Halafu akasema hadithi nzuri sana, ya kugusa. Lakini soko halinunui hadithi ya bibi. Ya mzee ina picha, ina jarida, ina kikombe. Ya bibi ina nini? Vidole. Kwa jina la Baba, bei ni ile ile. Kwa jina la Mama, theluthi. Haitoshi hata jicho moja, labda kope na nyusi.

Katibu akasema atamwandikia barua ya ushahidi. Glavu akauliza, kwa adabu kabisa: wewe si ndiye uliyeandika kwenye jarida kwamba ni mume?

Katibu akafunga daftari.

Mwenyekiti alituma jibu: njoo kesho na fedha. Akanigeukia. Hakunigeukia kwa ubaya, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. "Baba hayupo. Sifa haimwongezei wala haimpunguzii. Mama yupo, na kitanda ni Alhamisi. Wewe unataka aone, au unataka aonekane?"

Nimesugua meno ya watu kumi na tatu tangu mchana, kazi ya Jumatatu yote, ili nisifikirie.


Jumapili, 16 Machi

Naandika chooni. Kwa Mama. Nimekalia kifuniko, mlango nimeufunga kwa komeo.

Glavu amefika saa tatu na nusu, na mkoba. Fedha zimo, zimehesabiwa, ziko mezani karibu na birika. Karatasi ilisomwa kwa sauti na Mwenyekiti, amesimama: *Sisi watoto tunathibitisha kwamba injini hii, namba 3, ilibuniwa na kutengenezwa kwa mikono ya marehemu baba yetu.* Akasaini. Saini yake ina mikia mitatu.

Nikamtazama Mama. Nikamuuliza mbele ya wote: wewe unasemaje?

"Mimi uongo huo niliusema mara moja, nikiwa na miaka ishirini na saba," akasema. "Siurudii. Lakini msinikalishe hapa nichague kati ya macho yangu na mikono yangu. Nyinyi ni watu wazima. Kunyweni chai."

Glavu akanisogezea karatasi. Nikasema samahani, tumbo. Nikainuka na mkoba wangu — na karatasi, na kalamu yake. Hawakuona mpaka nimefunga mlango.

Nimeisoma tena hapa mara nne. Imepigwa chapa vizuri, nafasi pana kati ya mistari. Neno *marehemu* nimelikata. Mstari mmoja, safi. Meno yamenifundisha. Limebaki *baba yetu*. Nimelitazama neno hilo mpaka likawa mchoro tu. Herufi nne. Mbili ni zile zile. Zinazobadilika ni mbili.

Kaka anagonga. "Unaendeleaje humo?" Anaita kwa jina langu la utotoni, ambalo hulitumia akiwa ameogopa. Anasema Glavu ana safari. Anasema karatasi iko wapi. Anasema, sasa kwa sauti ya chini, mdomo kwenye tundu la ufunguo: "Kitanda ni Alhamisi, dada yangu. Alhamisi."

Kule sebuleni Mama anamwambia Glavu mtoto huyu tumbo lake ndivyo lilivyo tangu mdogo, ukimharakisha ndiyo anakaa zaidi. Anamuuliza kama anaongeza chai. Anaimimina. Namsikia anaimimina nje ya kikombe.

Nimeiweka karatasi juu ya goti, shajara chini yake. Ile b ya kwanza imeguswa. Si b tena.

Bado si m.